Mvulana anataka gauni, watu watasemaje? Maswali ya wazazi kuhusu mavazi ya watoto ya Halloween

Oktoba ikikaribia simu yangu haitulii. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, nina watoto watatu, na kwa kuwa nilitangulia kufika huku, wazazi wenzangu wa Kiswahili, Watanzania, Wakenya, Wakongo na wachache kutoka Burundi, huniuliza mimi. Maswali huwa yale yale. Mengi huanza na vazi yakaishia kwa shangazi aliyeko Dar. Nimeyaweka hapa na kuyapa namba, na jibu likiwa limeshatolewa kwingine nakuelekeza huko.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Halloween ni nini hasa, na haya mavazi yametokea wapi?

Ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba. Asili yake ni Ireland na Scotland, kwenye sikukuu ya kale ya Samhain, ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, usiku ambao watu waliamini wafu na mizimu hutembea. Wahamiaji wa Ireland, wengi wao wakikimbia njaa ya miaka ya 1840, waliileta Marekani, na huku, kwa kuchonga taa za usiku huo, wakakuta boga linachongeka kwa urahisi kuliko mizizi migumu ya shambani waliyoizoea kwao. Kupita mlango kwa mlango kuomba pipi kulienea Marekani miaka ya 1930, kukafifia wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu sukari ilikuwa ya mgao, kisha kukarudi kwa kishindo.

Shika jambo moja hapo, tutalihitaji mbele: tangu zamani raha ya usiku huu ni kujigeuza. Mtu anatoka akiwa asiye yeye.

2. Siku yenyewe mambo huendaje?

Hapa Columbus na miji ya jirani hutangazwa siku na saa, kwa kawaida saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, na kuna miaka ambayo haikuangukia tarehe 31. Wenyeji huuita Usiku wa Ombaomba. Taa ya barazani ikiwaka, gonga. Ikiwa imezimwa, pita, hao hawashiriki. Mtoto husema maneno yake yenye maana ya "pipi au vituko", anapewa, anashukuru, mnahamia mlango wa pili.

3. Lazima vazi liwe la kutisha?

Hapana. Kwa watoto wadogo ya kutisha ni machache. Utaona nyuki, daktari, ndizi, dinosaria, mabinti wa kifalme wasiohesabika, na walau mtoto mmoja aliyevalishwa boksi la katoni akaambiwa yeye ni roboti. Huyo wa boksi huwa na raha kuliko wote.

4. Mbona dukani kuna mavazi ya wavulana na ya wasichana, hata kwa kazi ile ile?

Ingia duka lolote kubwa mwezi Septemba uangalie vazi la zimamoto. La wavulana lina suruali, koti lenye mistari inayong'aa na kofia ngumu. La wasichana, zimamoto huyo huyo, lina sketi fupi ya malinda na kikofia cha kubana kwenye nywele. Huo moto sijui anauzimaje. Ukivuka upande wa pili unakuta mashujaa wameshonewa misuli ya sponji, mtoto wa miaka mitatu anatembea na kifua cha mnyanyua vyuma. Wangu alipovaa la Spider-Man alishindwa kukunja mkono hata kujikuna pua.

Ni biashara tu. Nyumba yenye kaka na dada ikiamini kwamba vazi la mmoja halimfai mwenzake, itanunua mawili. Kuna mabadiliko kidogo: Agosti 2015 kampuni ya Target ilitangaza kuondoa vibao vya "wavulana" na "wasichana" kwenye rafu za vitu vya kuchezea, na California ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 inayotaka maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 au zaidi yanayouza vitu vya kuchezea yawe na sehemu isiyobagua jinsia. Sheria hiyo haikufuta rafu za wavulana wala za wasichana, na nguo haizigusi.

Ukiwa dukani wewe soma vipimo vya urefu na kifua, picha ya mtoto iliyo kwenye pakiti iache. Msichana anayetaka kuwa zimamoto mchukulie lile la suruali. Ohio mwisho wa Oktoba ni baridi (swali la 18).

## Mvulana na gauni, msichana na misuli

5. Mwanangu wa kiume ana miaka minne, anataka kuwa Elsa. Ana tatizo?

Hana. Elsa, yule malkia wa filamu ya katuni ya Frozen, anatoa barafu mikononi. Wewe ungekuwa na miaka minne ungetaka nguvu gani nyingine?

Muulize kwanza anachokipenda. Mtoto wangu wa kati nilipomuuliza alinijibu, "Anagandisha bahari yote." Gauni hakulitaja. Gauni lilikuja baadaye, kwa hoja ambayo nilishindwa kuipangua: bila gauni, watu watajuaje kwamba mimi ni Elsa?

Na umri huo una mambo yake. Mwanasaikolojia wa Marekani Lawrence Kohlberg aliandika mwaka 1966 kwamba mtoto mdogo hujua kujitaja kuwa mvulana au msichana mapema, ila inamchukua muda kuelewa kwamba jambo hilo halibadiliki kwa kubadili nguo au nywele. Kwa wengi hilo hutulia kati ya miaka 5 na 7. Kabla ya hapo mtoto anaweza kukwambia bila wasiwasi kwamba shangazi akinyoa nywele atakuwa mjomba. Ndiyo sababu utaona wa miaka minne akijaribu kila vazi, na mwenzake wa umri huo huo akigeuka askari wa mavazi, hataki suruali, hataki bluu, analia barabarani kwa sababu kandambili zake ni "za wavulana". Wote wawili wanatafuta mpaka ulipo.

6. Nisizunguke: nikimruhusu, sitamfanya awe shoga?

Asante kwa kutozunguka. Hili ndilo limelala chini ya maswali mengine yote, na kina mama huniuliza kwa kunong'ona, ilhali kwetu Tanga wanawake wanaitana hivyo kutwa nzima: shoga yangu, umeamkaje?

Vazi halina uwezo huo. Wanaume wanaopenda wanaume wengi wao walikuzwa kwa kaptula na mpira wa miguu, na kaptula haikuwageuza kuwa kitu kingine. Gauni la saa mbili nalo halitamgeuza wako. Mtoto wa miaka minne akifika kumi huenda hata asikumbuke alivaa nini. Ukimkemea mbele ya wageni kwa alichokiomba, hilo anaweza kulikumbuka.

Kama jambo lenyewe si la Halloween peke yake, ruka mpaka swali la 17.

7. Binti yangu anataka kuwa Batman. Je?

Mnunulie. Angalia tu kofia isimzibe macho.

Swali hili la Batman kwa miaka yote limeulizwa na mzazi mmoja tu, naye alikuwa akiuliza bei. Binti yangu mkubwa amewahi kuwa Batman, rubani na mchimba madini mwenye masharubu ya kuchora kwa wanja, na kila mlango alichekewa kwa upendo. Kaka yake kuvaa gauni mara moja, simu zikaita kutoka mabara mawili. Nilikaa nikafikiri kwa nini. Msichana akivaa cha mwanamume watu huona amepanda daraja, mvulana akivaa cha mwanamke huona ameshuka. Sasa wakati huo binti amekaa hapo hapo sebuleni, anasikia yote, anajifunza kwamba kufanana na yeye ni aibu.

8. Lakini kwa utamaduni wetu mwanamume havai gauni.

Utamaduni wetu wapi? Baba yangu alikwenda msikitini kila Ijumaa na kanzu nyeupe iliyofika kwenye vifundo, akirudi anajifunga kikoi na kukaa barazani na kahawa yake, na hakuna aliyewahi kutilia shaka uanaume wake. Mwaka mmoja siku ya Idi nilimpitisha mwanangu shuleni akiwa na kanzu, mwenzake darasani akamuuliza kwa nini amevaa gauni. "Si gauni, ni kanzu!" Alikasirika mpaka machozi. Nikainama nimweleze yule mtoto tofauti kwa Kiingereza, nikajikuta sina pa kushika zaidi ya tarizi ya shingoni.

Huku wanakotucheka nako walikuwa na yao. Ipo picha ya Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani kuanzia 1933, aliyopigwa karibu mwaka 1884 akiwa na miaka miwili na nusu. Amevaa gauni jeupe, nywele zimefika mabegani, kofia yenye manyoya ameipakata. Wakati ule ndivyo wavulana wadogo wa familia kama yake walivyovikwa. Na waridi, hii rangi ambayo baba wengine hawataki hata kuishika dukani? Mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto wa Marekani liliandika kwamba waridi ni ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu zaidi, na bluu, laini na ya kupendeza, ni ya wasichana.

Tukirudi kwetu kabisa, nenda kusini, kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma. Kwenye ngoma zao za vinyago wachezaji ni wanaume, na miongoni mwa vinyago vyao vya asili kuna kile cha kufunga kifuani na tumboni, kilichochongwa maziwa na tumbo la mwanamke mjamzito, na mchoro wa chale juu yake. Mwanamume anakivaa, anacheza uwanjani mbele ya kijiji kizima, na hakuna anayempigia mama yake simu.

Sisemi kwetu hakuna mipaka. Ipo, tena mikali. Jaribu mwanamume upake hina ya maua mikononi uende Chumbageni, pale Tanga, uone. Ila mpaka huo watu ndio waliouchora, na wa Ruvuma hawakuuchora pale walipouchora wa Tanga.

9. Baba yake hataki kabisa kusikia. Nifanyeje?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na majibu ya haraka hayasaidii.

Kwetu ilichukua siku tatu. Mbili za kwanza mume wangu alikuwa kimya. Ya tatu, anaosha vyombo, amenipa mgongo, akasema, "Mimi nilichekwa." Kisha akaendelea kusugua sufuria ile ile. Alipokuwa mdogo Muheza kaka zake walimkuta amejifunga kanga ya dada yao, wanacheza harusi na watoto wa jirani. Tangu siku hiyo wakamwita Bi Harusi, mpaka anamaliza darasa la saba. Tumeoana miaka kumi na moja, sikuwahi kulisikia jina hilo. Kumbe muda wote nikidhani tunabishana juu ya gauni la mtoto, yeye alikuwa anamkinga asije naye akapewa jina.

Kwa hiyo kabla ya kushindana, mkiwa wawili tu, muulize anaogopa nini. Mara nyingi ni "watamcheka", wakati mwingine ni "watanicheka", na hizo ni hofu mbili tofauti. Ya kwanza ina dawa (swali la 12). Ya pili ni ya mtu mzima na aibeba mwenyewe.

Mkishindwa kuafikiana, msimdanganye mtoto kwamba duka limeishiwa. Keshokutwa ataliona limening'inia. Njia za kati zipo: kuna mafundi wanaoshona vazi la Elsa la suruali na joho refu la buluu, na kuna watoto wanaolipenda kuliko gauni kwa sababu linapepea wakikimbia. Lakini muulizeni, msimpe mtu wa theluji mkadhani hataona tofauti. Na kama jibu ni hapana, liwe hapana ya kweli: mwaka huu nje utavaa kingine, nyumbani vaa Elsa mpaka uchoke. Mkalizungumze chumbani, yeye akiwa amelala.

## Macho ya watu

10. Wazazi wengine wakisema, nijibu nini?

Inategemea ni nani. Kuna anayetania: "Eh, leo mmempeleka binti wa tatu?" Huyo mjibu kwa utani wake, "Huyu ni malkia, shusha sauti," na umalizie hapo. Kuna anayekuvuta pembeni kwa huruma kana kwamba umefiwa. Mwambie, "Anapenda barafu," basi. Usianze kueleza. Ukianza kujitetea umeshakubali kwamba kuna kesi.

Kuna na wa tatu, ambaye Waswahili wengi hawamtarajii. Ni jirani Mmarekani anayepiga magoti mbele ya mtoto na kumwambia yeye ni jasiri mno, kisha anakushika mkono wewe na kukupongeza kwa malezi. Nia yake njema, sikatai. Lakini mtoto ametoka kuomba pipi, hakuwa anajua kwamba amefanya jambo la ujasiri. Sasa anajiuliza kulikuwa na hatari gani. Wangu alinitazama akauliza kwa Kiswahili, "Mama, kwani kuna nini?" Nikamwambia anaipenda taji yako. Huyo naye mshukuru, msogee mlango wa pili.

Mzazi akimcheka mtoto usoni, hapo utani umeisha. Mwambie wazi, "Usiseme hivyo kwa mwanangu." Kwa lugha yoyote.

11. Bibi na mashangazi nyumbani wakiona picha?

Kwanza, kuwa makini na Kiswahili chenyewe. Mwaka ule wa Spider-Man mama yangu alipiga simu ya video nikamwambia kwa furaha, "Mjukuu wako anavaa buibui."

Kimya.

"Buibui?"

"Ndiyo mama, jekundu. Na kinyago cha kufunika uso wote."

"Na ninja juu! Mtoto wa kiume! Huko Marekani mmefikia huko?"

Nilipiga kelele mdudu, mama, mdudu, yule wa utando! Alicheka mpaka akaweka simu chini, lakini kwa muda ule mfupi nilishaiona sura ambayo ningeiona mwaka wa Elsa.

Basi mwaka wa Elsa nilijiandaa wiki nzima. Nikampigia mwenyewe kabla picha hazijamfikia. Akaitazama muda mrefu, akasogeza simu karibu na macho. "Gauni hilo," akasema, "mbona halijapigwa pasi?" Basi. Shangazi ndiye aliyetuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, na mpaka leo sijaumaliza kuusikiliza.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndugu watasema, watanuna, na mwezi wa kumi na mbili watakuuliza utakuja lini. Kama unajua kuna mtu hawezi kuinyamazia, usimtumie picha. Hiyo si kuficha, hujaapa kumtumia kila mtu kila kitu. Na kwenye grupu la ukoo, lile lenye watu 140 na nusu yao huwajui, picha ya mtoto isiende kabisa, awe amevaa gauni au suti. Akishakua kidogo muulize yeye mwenyewe kabla ya kuweka popote.

12. Na watoto wenzake wakimcheka?

Wapo watakaomcheka, usimwambie hapana. Mwambie kabla: "Kuna mtoto anaweza kusema Elsa ni wa wasichana. Utamjibu nini?" Halafu mfanye mazoezi, wewe uwe yule mtoto. Wangu alichagua kujibu, "Leo ni Halloween," akinyoosha kiganja kana kwamba anatoa barafu. Jibu fupi la mtoto mwenyewe hufanya kazi kuliko hotuba uliyomtungia.

Beba nguo zake za kawaida kwenye mfuko. Akitaka kubadili katikati ya njia mbadilishe bila "si nilikwambia". Na tembeeni na mtoto mwingine mmoja anayemzoea. Wawili hawachekwi kama mmoja.

13. Nimemwona mtoto wa watu amevaa vazi la jinsia nyingine. Nimwambie mzazi wake?

Anaona.

Niseme na langu, kwa maana nyani haoni kundule. Mwaka wangu wa pili huku nilisimama mlangoni na bakuli la chokoleti. Akaja mtoto wa miaka kama sita, mkia wa nguva wa kijani unamburuzika, shanga shingoni. Nikamwambia, "Binti mzuri, karibu." Akanirekebisha kwa adabu kabisa: yeye ni mvulana, ila leo ni nguva. Nikamtazama mama yake aliyesimama kule kwenye njia, na najua nilimtazama vipi, kwa sababu aliacha kutabasamu. Pipi nilimpa mtoto. Jicho nililomtupia yule mama sikuweza kulirudisha, na sikumwona tena mtaani.

## Dini, shule na mengineyo

14. Sisi ni Waislamu / ni walokole. Hatusherehekei. Mtoto tunamnyima?

Hamtakuwa peke yenu, familia nyingi hazishiriki. Zima taa ya barazani, mpeleke mtoto sehemu nyingine jioni hiyo. Makanisa mengi huku hufanya sherehe ya mavuno, au hupanga magari kwenye maegesho, buti wazi, watoto wanapita gari kwa gari kupewa pipi. Uliza kwanza kama mavazi yanaruhusiwa.

Kuhusu gauni hasa: kwa Waislamu kuna hadithi inayowakemea wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, na Wakristo hunukuu Kumbukumbu la Torati 22:5, nayo inataja wote wawili. Namna hayo yanavyomhusu mtoto wa miaka minne anayeigiza, muulize sheikh au mchungaji wako, si mimi. Ila kama msimamo wa nyumba yako ni wa dini, mweleze mtoto kwa jina la dini, kwa upole. Kejeli za "utakuwa mwanamke" hazimo kwenye aya yoyote. Na kama unaifuata aya, basi Batman wa binti yako naye yumo.

15. Shule inasemaje?

Kila shule na sheria yake. Nyingine zimefuta mavazi kabisa, nyingine zina siku ya kuvaa kama mhusika wa kitabu, nyingine huruhusu ila bila vinyago wala silaha za kuchezea. Soma barua iliyorudi kwenye begi, ile iliyokunjamana chini pamoja na ganda la ndizi. Kama hukuelewa, mwandikie mwalimu. Ukihofia kuchekwa, Elsa anaweza kutoka jioni tu, na shuleni akavaa kingine.

16. Mtoto wangu akivaa kanzu, au shuka la Kimaasai, kwa Halloween?

Ni nguo zake, ni haki yake. Mimi binafsi siwavalishi. Kanzu nataka waijue kuwa nguo ya Idi na ya harusi, na si ya kujigeuza. Ukitaka kujua kwa nini, soma tena kisa cha swali la 8. Mtoto asiye wa kwetu akigonga mlango amejifunga shuka jekundu na mkuki wa plastiki, mpe pipi. Kama mzazi wake ni rafiki yako, mkutane siku nyingine kwa chai mlizungumze.

17. Si Halloween tu. Mwaka mzima anasema yeye si mvulana. Ni lile lile?

Si lile lile, na usiyachanganye. Kucheza na mavazi watoto wengi hucheza. Mtoto anayeshikilia kwa muda mrefu kwamba yeye ni wa jinsia nyingine, au anayehuzunika kwa ajili hiyo, anahitaji kusikilizwa na watu wenye ujuzi. Anza na daktari wake wa watoto, na omba mkalimani kama Kiingereza kinakukwaza. Ni haki yako na hulipii. Usianze na grupu la WhatsApp. Fimbo na maombi ya kukesha nimeona vikijaribiwa kwa mtoto wa watu, na nilichoona ni mtoto aliyeacha kusema chochote.

18. Na baridi je? Gauni lenyewe ni jepesi kama chandarua.

Nunua saizi moja juu, chini yake avae fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Refu sana lipinde, watoto wanajikwaa ngazini gizani. Kwenye lebo tafuta maandishi yanayosema halishiki moto kirahisi, kwa sababu maboga mengine yana mishumaa ya kweli. Bandika utepe unaong'aa mgongoni, magari yamuone.

Na uwe tayari kwa koti. Sisi tuligombana siku tatu, nikampigia simu mama Tanga, tukafanya mazoezi ya kujibu, tukanunua taji. Jioni ilipofika mvua ya rasharasha ikaanza na upepo juu yake. Mume wangu akachukua koti la kijivu la dada mtu, akamfunga zipu mpaka kidevuni, akamshika mkono wakatoka. Mtu mzima aliyewatazama kutoka barabarani aliona baba na mtoto mwenye koti kubwa, na inchi mbili za kitambaa cha buluu kinachomeremeta juu ya mabuti. Nilikuwa nyuma yao na mwavuli. Kila walipofika mlangoni, kabla ya kugonga, baba mtu alichuchumaa akamfungulia zipu.